Bi Thumni na Tangi Lililopotea Angani

Katika ukoo wetu, mjuzi wa kwanza wa hali ya hewa ni mimi. Sijisifu. Nasema tu kwa sababu nimengoja mwingine aseme na hakuna aliyejitokeza. Goti langu la kushoto linatabiri mvua tangu nilipoanguka na baiskeli, na likisema itanyesha, itanyesha, kama si leo basi mwezi huu. Mjuzi wa pili ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye analipwa mshahara kwa kazi ambayo goti langu huifanya bure. Nimeamua kuandika habari zake mimi mwenyewe, kwa mkono huu uliomaliza darasa la saba na kuchungulia la nane dirishani, kwa sababu mtaani wanazisimulia vibaya. Wengine wamefikia kudai kwamba siku ile mimi sikuwepo.

Mtaani hakuna anayemwita jina lake. Wanamwita Bi Thumni. Anafanya kazi katika ofisi ya hali ya hewa ya uwanja mdogo wa ndege, na huko wamemfundisha kuigawa mbingu mafungu manane, kisha ahesabu ni mafungu mangapi yamefunikwa na mawingu. Fungu moja ni thumni. Sasa binti wa watu hawezi kuacha. Ukimuuliza kama anataka chai, anakuambia, "Nijazie thumni sita, Mjomba." Ukumbi wa harusi ya jirani ulipokuwa umejaa watu wanakalia magoti ya wenzao, yeye alisimama mlangoni, akatazama, akasema, "Thumni saba, na mwanya mmoja upande wa jikoni." Tukaenda upande wa jikoni. Kweli, viti vilikuwepo.

Usimtupie methali vilevile. Siku moja nilimwambia kwa busara zangu zote, "Mpwa wangu, dalili ya mvua ni mawingu."

"Mawingu gani, Mjomba?"

"Mawingu! Ya juu!"

"Juu futi ngapi? Yale mepesi kama manyoya ya kuku hayanyeshi. Yale yaliyojipanga kama kondoo hayana neno. Mabaya ni yale yanayopanda kama mnara, halafu juu yanatandika kichwa kama meza ya fundi seremala."

Mtu unatoa methali moja, unarudishiwa kondoo na meza.

Hata mapenzi aliyafanya hivyohivyo. Kijana mmoja fundi wa redio alimuuliza kama anampenda. Akamjibu, "Kwa sasa anga ni safi, ila kuna uwezekano wa asilimia thelathini wa mabadiliko ya ghafla baada ya saa kumi." Kijana akaaga saa tisa na nusu. Dada yangu alilia. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kukaa chini.

Lakini kazini kwake, jamani, hakuna mchezo. Nimefika huko mara nyingi, maana mlinzi wa geti ananiheshimu. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye madirisha pande tatu. Ukutani kuna saa mbili, moja ya kwetu na nyingine ya marubani wa dunia nzima, ambao wote hufuata saa moja hata kama kwao ni usiku wa manane. Katikati kuna meza ndefu, na juu ya meza kuna ramani. Rubani hawezi kuruka kabla hajainamia meza ile akaelezwa njia yake ikoje.

Mara ya kwanza niliitazama ramani ile nikasema, "Hapa mtoto amemwaga tambi."

"Hiyo mistari, Mjomba, inaunganisha mahali penye uzito sawa wa hewa. Ikikaribiana sana, upepo ni mkali. Ikiachana, upepo umelala."

"Na hivi vishale vyenye manyoya?"

"Upepo. Kila unyoya mzima ni kasi ya kumi, kwa vipimo vya marubani. Nusu unyoya ni tano. Ukiona kibendera, ni hamsini."

Mimi nikaweka kidole changu, nikafuata mshale, nikatangaza kwa sauti ya kitaalamu kwamba upepo huu unakwenda kule kwenye manyoya. Rubani mmoja aliyekuwepo akakohoa kikohozi cha uongo.

"Hapana, Mjomba. Kwenye manyoya ndiko unakotoka. Upepo ni kama mgeni aliyebisha hodi. Swali la kwanza ni ametokea wapi."

Nikamwambia nilikuwa nampima tu.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye habari. Bi Thumni alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Alikuwa akifanya kila kitu, lakini chini ya kila karatasi ilikuwa lazima Mkuu wa kituo aweke sahihi yake. Mkuu huyu ni mzee mpole, mpenda karanga, ambaye hata ramani zake zina madoa ya mafuta. Ili mpwa wangu asimame peke yake kwenye meza ile, ilikuwa lazima aje mkaguzi kutoka makao makuu, akae naye siku nzima na kumtazama. Akifaulu, meza ni yake. Akishindwa, anarudishwa makao makuu kunakili tarakimu katika chumba kisicho na dirisha. Hebu fikiria, mtu anayeishi kwa kuangalia mbingu, umnyime dirisha! Wiki nzima ile hakula hata thumni mbili.

Mkaguzi angekuja Alhamisi, kwa ndege ndogo ya asubuhi.

Hapa anaingia shemeji yangu, baba yake Bi Thumni, mchora mabango. Ana mkono mzuri wa kuchora na kichwa kigumu cha kushauriwa. Nyuma ya nyumba yake kuna mnara wa chuma, na juu ya mnara kuna tangi la maji kubwa, pana kama chumba cha wageni, ambalo miaka yote lilikuwa jekundu. Tangi lile lilikuwa fahari yake kuliko hata mke wake, na dada yangu analijua hilo. Maana lilikuwa na kazi serikalini!

Nakueleza. Kila saa Bi Thumni hutoka kwenye kibaraza cha ofisi kupima mtu anaweza kuona umbali gani. Hatumii mashine, anatumia macho na vitu vinavyojulikana viko mbali kiasi gani. Kwanza mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaojaa upepo. Halafu ukuta wa shule. Halafu bomba la moshi la kiwanda cha unga, kilomita tatu. Halafu tangi jekundu la shemeji, kilomita tano. Mwisho mnara wa simu kilimani, kumi. Cha mwisho kuonekana ndicho anachoandika. Na ndege ndogo za uwanja ule, rubani anatua kwa macho yake. Sheria inataka kilomita tano. Kwa hiyo asubuhi zenye ukungu, swali ni moja tu: tangi linaonekana au halionekani?

"Ndege haitui mpaka tangi langu liseme ndiyo," shemeji huwaambia watu kinyozini.

Jumatano, Bi Thumni akiwa kazini, shemeji akaniita. Alikuwa na makopo mawili ya rangi ya mafuta, la buluu na la nyeupe.

"Shemeji, tangi limeota kutu. Mkaguzi atatazama huku kesho. Aone aibu?"

"Asione," nikasema.

"Basi nitalichora mbingu. Buluu iliyopauka kidogo, kama ya asubuhi, na mawingu. Mwanangu atoke kibarazani kesho, anyanyue macho kuangalia kwao, akutane na mbingu ya baba yake. Si atapata nguvu?"

Mimi machozi yalinilengalenga. Nilishika ngazi tu, hilo liandikwe. Nilishika ngazi na kutoa ushauri mdogo kama, "Ongeza wingu pale kushoto," na, "Hilo linafanana na mama mkwe wako, lipunguze." Jioni lilipokamilika, nakuapia, ulikuwa huwezi kujua tangi linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Tulipeana mikono. Tukakubaliana siri. Bi Thumni alirudi kumeshaingia giza, akaingia moja kwa moja chumbani kukariri.

Alhamisi alfajiri, kukiwa bado giza, nikamsindikiza na chupa ya chai, nikidai goti linataka mazoezi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuuona uso wake akikutana na ile mbingu.

Kulikuwa na ukungu mwepesi wa kawaida. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa ameshatuma utabiri wake kwa simu, ule ambao mkaguzi alikuwa ameubeba mkononi ndani ya ndege: ukungu mwepesi alfajiri, utainuka mapema, na ndege ikifika, umbali wa kuona utakuwa umefika kilomita tano. Ulikuwa utabiri wake mwenyewe. Ukiharibika, umeharibikia mikononi mwa mkaguzi.

Saa ikafika. Akatoka kibarazani. Nikatoka nyuma yake, nimejiandaa kutabasamu.

"Mlingoti," akasema. "Ukuta wa shule. Bomba la kiwanda." Akakunja macho. "Tangi silioni."

Tabasamu langu likakosa pa kwenda.

"Tazama vizuri, mama."

"Natazama. Na mnara wa kilimani siuoni. Pungufu ya tano." Akaandika hivyohivyo, mkono umetulia ila shingo imetoka jasho.

Mkuu akaufikisha ujumbe redioni. Sauti ya rubani ikarudi, imejaa mikwaruzo: yuko juu ya uwanja, anaona kiwanja chote kama sahani. Bi Thumni akatikisa kichwa. "Mwambie anatazama chini, ukungu mwembamba ukiutazama kutoka juu hauna kitu. Akishuka atautazama kwa urefu, hapo ndipo utakapomfumba macho. Azunguke, asubiri."

Ndege ikazunguka. Ikazunguka tena. Tuliisikia inavyolalamika kama nzi ndani ya glasi. Mkuu akaweka mfuko wake wa karanga mezani kando ya kipaza sauti na kuanza kutafuna kwa wasiwasi. Bi Thumni alikuwa akitoka na kuingia.

"Ukungu umeshakuwa mwepesi," akasema. "Bomba la kiwanda naliona mpaka nyufa. Iweje tangi lisionekane? Utabiri wangu umekosea wapi?"

Hapo nilikuwa nateseka mimi. Siri ni ya shemeji, uchungu ni wa mpwa. Nikajaribu njia ya kando.

"Labda tangi limekwenda kupumzika."

"Mjomba, kaa."

"Labda hata si ukungu. Labda ni tumbo la huyo mkaguzi wenu, limekuwa zito, ndege inaogopa kushuka nalo."

Mkuu akacheka, karanga zikamwendea njia isiyo yake. Bi Thumni hakucheka. Nikaona amekaa kwenye kiti, ameshika kalamu ya kuandika utabiri mpya wa kuufuta ule wa kwanza. Nikasalimu amri.

"Tangi lipo," nikasema.

"Unaliona?"

"Silioni. Ila lipo. Baba yako jana amelichora mbingu. Na mawingu. Mazuri sana. Mimi nilishika ngazi."

Akaiweka kalamu chini. Kisha Bi Thumni akauliza polepole, "Thumni ngapi?"

"Nini?"

"Mawingu aliyochora."

"Tatu hivi. Na kidogo."

Akafunika uso kwa mikono. Sikujua analia au anacheka. Nadhani alikuwa kwenye vyote viwili, kwa zamu.

Mkuu akapata pumzi. "Basi binti, tatizo limekwisha! Tangi lipo, ukungu umekwenda. Andika tano tuwashushe."

"Najua lipo, Mzee. Lakini silioni. Labda ni rangi, labda ni ukungu. Nikiandika tano leo kwa kujua tu, kesho nitaandika kwa kudhani."

"Utabiri wako utaharibika mbele ya mkaguzi!"

"Uharibike. Mjomba, simu yako ina salio?"

Simu yangu huwa haikosi salio, na hilo walijue wanaonisema. Nikampigia shemeji.

"Ameiona?" akauliza, sauti imejaa sherehe.

"Shemeji, chukua kitu chochote chekundu, kikubwa, upande nacho juu ya tangi sasa hivi."

"Rangi haijakauka!"

"Panda hivyohivyo! Binti yako anapelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha!"

Nikasikia dada yangu nyuma akiuliza kuna nini, kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuitegemea maishani: vikulabu vya mapazia vikikatika. Mapazia mekundu ya sebuleni, mazito, ambayo dada yangu hakuruhusu hata mimi kaka yake niyafutie mkono! Aliyang'oa yeye mwenyewe. Baadaye majirani waliniambia shemeji alipanda ngazi ameyajitanda kama mfalme, na dada yangu chini anamkaripia asikanyage pindo.

Sisi tulikuwa kibarazani watatu, shingo zimenyooka. Mlingoti, ukuta, bomba la kiwanda. Halafu, pale ambapo hapakuwa na kitu, angani kwenyewe, pakachomoza kidoa chekundu. Kikapanuka. Kikawa ubavu mzima.

"Tano," akasema Bi Thumni, na sauti yake ikavunjika katikati. Akaandika. Mkuu akarudi mezani, akasukuma mfuko wa karanga pembeni, akashika kipaza sauti, akaipa ndege ruhusa ya kuja.

Mkaguzi alishuka akiwa na rangi ya tango changa. Alikuwa mwanamume mwembamba, hana tumbo hata la kusingiziwa. Alisimama kwanza, akaishika ardhi kwa miguu yote miwili, akatoa salamu, kisha akaingia ofisini na kututazama mmoja mmoja.

"Mjomba ni yupi?"

Nikafikiri sifa zangu zimefika makao makuu. "Ni mimi, Mheshimiwa."

"Habari ya tumbo langu nimeisikia."

Kumbe mfuko wa Mkuu ulikuwa umelala juu ya kitufe cha kipaza sauti muda wote ule! Kila neno lilikuwa limepanda angani. Rubani nyuma yake alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Mkuu akaanza kuzichunguza saa za ukutani.

Mkaguzi akamgeukia Bi Thumni, uso mkavu. "Binti, ukungu uliokuwepo uliondokaje ghafla namna ile?"

Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema jua limepanda. Alisema, "Sijui uliondoka saa ngapi, Mzee. Alama yangu ya kilomita tano ilipakwa rangi ya mbingu na baba yangu, nikawa siwezi kuiona. Nimewachelewesha kwa sababu hiyo. Ukungu huenda ulikwisha mapema, kama nilivyotabiri, lakini siwezi kuapa."

Mkaguzi akasogea mezani. "Haya," akasema. "Nieleze njia ya kurudi."

Wakainamia meza. Hapo ndipo nilipomwona mpwa wangu kwa mara ya kwanza kama watu wengine wanavyomwona. Kidole chake kilitembea juu ya tambi zile bila kusita. Mistari imebanana upande wa milima, upepo unatoka mashariki, manyoya matatu na nusu. Hapa, ndani ya duara hili lenye ukingo wa mawimbi, mawingu ya radi yatapanda kuanzia saa nane. Akatoa na karatasi ya tahadhari kwa marubani: ngurumo kali juu ya vilele, zinasogea kuja huku.

"Nilitaka tuondoke saa kumi, tukishakula," akasema rubani.

"Saa kumi hakuna njia. Kuzunguka huwezi, mafuta hayatoshi. Kupita chini yake, utabamizwa. Ondokeni kabla ya saa sita au mlale."

"Mtikisiko utakuwaje?" akauliza mkaguzi kwa sauti ndogo.

"Mkali, Mzee."

Mkaguzi akavuta kiti, akakaa. "Tutalala." Kisha akavuta ile karatasi ya tahadhari, akaigeuza kuelekea kwa mpwa wangu, akaweka kidole chini kabisa, pale ambapo Mkuu huweka sahihi. "Hapa. Weka yako. Kule juu nilikuwa nimeshaamua: ukiandika tano kabla hujaiona tano, narudi na wewe. Alama zako zikaguliwe kila mwezi, na tangi lile lirudi kuwa jekundu kabla ya Jumatatu." Akatazama nje, akakunja macho. "Na yule ni nani anayepunga mkono?"

Tukageuka wote. Juu ya kidoa chekundu kulikuwa na kidoa kingine, cheusi, kinachezacheza. Hakuna aliyemkumbuka shemeji. Upepo ulikuwa umeanza, mapazia yanataka kuruka, naye ameyakalia yasiende, katikati ya rangi mbichi, akipunga kwa mkono mmoja kuhakikisha binti yake anamwona.

Bi Thumni akaomba simu yangu. Akasimama wima, akasafisha koo, na tahadhari ya kwanza aliyoitoa kwa mamlaka yake mwenyewe, mbele ya mkaguzi na rubani, nimeishika kichwani neno kwa neno:

"Tahadhari kwa wote walio juu ya matangi ya chuma. Upepo kutoka mashariki, unaongezeka. Radi kuanzia saa nane, uwezekano mkubwa. Baba, teremka."

Aliteremka. Mvua ilikuja saa nane kasorobo, na goti langu halikuwa limesema neno. Nadhani lilikuwa limemwachia mwenyewe. Jumapili tulilipaka tangi rangi nyekundu, mimi nimeshika ngazi. Mapazia ya dada yangu yana mawingu mpaka leo, na suruali ya shemeji ina mbingu nzima makalioni. Anaivaa kwenda kinyozini. Watu wakicheka, yeye anageuka taratibu ili waone vizuri, anawaambia hiyo ni thumni nane.